Atomu iliyoishi chini ya sekunde: tunajuaje kwamba ilikuwepo?

Swali: Daktari, habari za kazi? Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya upili huku Kayole. Ukutani tuna chati ya elementi inayofika namba 118, ingawa silabasi yetu inashughulika hasa na zile 20 za kwanza. Juzi msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza zile za mwisho kabisa zinachimbwa wapi. Nikamjibu kwamba hazichimbwi, zinatengenezwa maabara, na nyingine hazimalizi hata sekunde. Akaniambia: "Sasa mwalimu, kitu kikiisha kabla hakijaonekana, tunajuaje kilikuwepo? Si hao wanasayansi wameandika tu?" Darasa lilicheka, lakini mimi nilikosa jibu. Naomba unisaidie. Hizo ni elementi kweli? Wanajuaje? Kwa nini wanahangaika nazo? Na je, jedwali limeishia hapo?

Jibu: Mwalimu, nzuri. Mpe huyo msichana pongezi zangu, na waliocheka waambie kwamba swali lake ndilo lililowagombanisha wanasayansi wa Marekani, wa Muungano wa Kisovieti na baadaye wa Ujerumani kwa miongo kadhaa. Mmoja akitangaza kwamba ametengeneza elementi mpya, mwenzake humuuliza: umejuaje? Majina ya namba 104 hadi 109 hayakupata kibali cha mwisho mpaka mwaka 1997, na kiini cha mzozo kilikuwa ni uhaba wa ushahidi.

Nianze na hiyo sekunde, maana ndiyo iliyoleta kicheko.

Uhai wa atomu tunaupima kwa saa yetu ya ukutani, ndiyo sababu tunauona si kitu. Hebu tuupime kwa saa ya atomu yenyewe. Dunia huzunguka jua mara moja kwa mwaka, na umri wake ni takriban miaka bilioni 4.5, kwa hiyo imezunguka jua mara bilioni 4.5 hivi tangu iwepo. Sasa chukua elektroni ya hidrojeni katika ile picha rahisi ya Bohr tunayowachorea wanafunzi ubaoni. Mzunguko wake mmoja huchukua kama sekunde 1.5 × 10⁻¹⁶. Oganesoni, namba 118 (namba ya elementi ni idadi ya protoni ndani ya kiini chake), ina nusu-uhai wa takriban milisekunde 0.7, yaani katika muda huo nusu ya atomu zake huwa zimeshageuka kitu kingine. Wape wanafunzi wagawanye wenyewe. Watapata kwamba katika milisekunde hizo 0.7 elektroni ya hidrojeni huzunguka kiini chake zaidi ya mara trilioni 4. Hiyo ni kama mara elfu moja ya mizunguko yote ambayo dunia imewahi kuzunguka jua. Na elektroni za ndani kabisa za oganesoni huenda kasi zaidi ya hiyo ya hidrojeni, kwa sababu zinavutwa na protoni 118. Kwa mwaka wake yenyewe, atomu hiyo imeishi maisha marefu kupindukia.

Mpaka rasmi upo. Vyama vya kimataifa vya kemia na fizikia hukubali kuita kitu elementi ikiwa kiini chake kimedumu angalau sekunde 10⁻¹⁴, kwa kuwa huo ndio muda unaokadiriwa kutosha kiini kujikusanyia elektroni zake na kuwa atomu. Oganesoni inaupita mpaka huo mara bilioni nyingi. Basi jibu la kwanza kwa msichana ni: ndiyo, ni elementi kamili.

Kwa nini basi hazidumu kwa saa yetu? Ndani ya kiini nguvu mbili zinashindana. Nguvu ya nyuklia ni kama kushikana mikono: ina nguvu sana, lakini unamfikia jirani yako tu. Msukumano wa chaji za protoni ni kama kelele za makanga stejini: sauti ya mmoja si kubwa, ila inamfikia kila aliyepo. Ongeza watu kwenye kundi. Kila anayeingia hushika mikono ya majirani wachache, lakini kelele yake inawapiga wote. Mwishowe kelele zinashinda. Nyutroni ndizo zinazoleta nafuu, kwa kuwa huongeza mikono bila kuongeza kelele, na ndiyo sababu viini vizito vina nyutroni nyingi kuliko protoni.

Atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu huitwa isotopu. Ukivuka risasi (lead), namba 82, hakuna tena elementi yenye isotopu thabiti kabisa. Thoriamu iliyomo katika kilima cha Mrima kule Kwale bado inahimili vizuri, nusu-uhai wake ni miaka bilioni 14. Uraniamu-238 ni bilioni 4.5. Kuanzia hapo mteremko ni mkali: fermiamu, namba 100, isotopu yake inayodumu kuliko zote ina nusu-uhai wa siku 100 hivi. Ukikihesabu kiini kama tone la maji, utaona kwamba kufikia namba 104 hivi tone linapaswa kupasuka papo hapo. Halipasuki. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Kinachoviokoa viini hivyo ni mpangilio wa ndani. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer, akiwa Marekani, na Hans Jensen wa Ujerumani na wenzake, kila upande kwa njia yake, walionyesha kwamba protoni na nyutroni hukaa kwa orofa, kama wapangaji wa zile ghorofa za mtaa wa Pipeline, Nairobi. Vyumba vya orofa moja vikijaa, mpangaji anayefuata lazima apande ngazi ndefu hadi ya juu. Kiini ambacho orofa yake ya mwisho imejaa barabara ni kigumu kukivuruga. Hesabu za wapangaji zinazojaza orofa ni 2, 8, 20, 28, 50, 82, na kwa nyutroni 126 pia. Protoni zina jengo lao na nyutroni lao. Risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126, majengo yote mawili yamejaa, nayo ndiyo isotopu thabiti iliyo nzito kuliko zote tunazozijua. Mayer na Jensen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Orofa inayofuata ya nyutroni inatabiriwa kujaa zikifika 184. Kwa upande wa protoni wananadharia bado wanabishana: hesabu za zamani zilisema 114, nyingine husema 120 au 126. Eneo hilo ndilo linaloitwa kisiwa cha uthabiti, na si hadithi tupu. Tazama kopernisiamu, namba 112. Isotopu ya kwanza kutengenezwa, kule Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1996, ilikuwa na nyutroni 165, na nusu-uhai wake haufiki milisekunde moja. Baadaye ikapatikana nyingine yenye nyutroni 173. Hiyo nusu-uhai wake ni karibu sekunde 30. Elementi ile ile, nyutroni nane zaidi, na uhai umerefuka makumi ya maelfu ya mara. Kwangu mimi hakuna tarakimu katika fani hii nzima inayonisisimua kuliko hizo mbili zikiwekwa pamoja.

Sasa turudi kwenye silabasi yako, kwa sababu inaishia mahali pazuri kuliko unavyodhani. Elementi ya 20, ya mwisho mnayoishughulikia, ni kalsiamu. Kalsiamu ndiyo iliyotuletea namba 114 hadi 118.

Siyo kalsiamu ya kawaida ya chokaa na mifupa, ambayo ina protoni 20 na nyutroni 20. Kuna isotopu adimu, kalsiamu-48, yenye protoni 20 na nyutroni 28. Angalia orodha ya hesabu za orofa: zote mbili zimo. Ni kiini kilichojaa kote kote na bado kina nyutroni nane za ziada za kuchangia. Katika kila atomu 1,000 za kalsiamu ya kawaida ni kama 2 tu zilizo za aina hii. Kuzichuja ni kazi kubwa, na bei ya gramu moja hupita dola 100,000. Yuri Oganessian na kundi lake kule Dubna, Urusi, waliviongezea viini hivyo kasi kwenye saiklotroni, mtambo unaozungusha chembe na kuziongezea kasi, hadi karibu moja ya kumi ya kasi ya nuru, wakavirusha kwenye bamba jembamba la elementi nzito. Hesabu ya darasani inatosha kueleza: plutoniamu 94 na kalsiamu 20 ni 114. Kuriamu 96 na 20 ni 116. Kaliforniamu 98 na 20 ni 118.

Namba 117 ilihitaji berkeliamu, namba 97, na kisa chake ningependa darasa lako likisikie. Berkeliamu haipo ardhini kwa kiasi cha kuchimba. Maabara ya Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, Marekani, iliipika ndani ya tanuri la nyuklia kwa siku 250 hivi, ikaisafisha kwa miezi kadhaa, ikapata miligramu 22. Nusu-uhai wake ni siku 330, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ilikuwa hasara isiyorudishika. Ilipopelekwa Urusi kwa ndege, karatasi za forodha zilionekana hazijakamilika ikarudishwa, ikapelekwa tena ikarudishwa tena. Ilivuka Bahari ya Atlantiki mara tano. Aliyewahi kufuatilia mzigo wake kwa wakala wa forodha anaielewa hali hiyo, ila mzigo huu ulikuwa ukiyeyuka njiani. Majaribio yalianza katikati ya mwaka 2009, na mwaka 2010 wakatangaza matokeo. Kutokana na kazi yote hiyo walipata atomu sita. Elementi ikaitwa tenesini, kwa heshima ya jimbo lililopika berkeliamu.

Atomu sita! Ndipo swali la msichana linaporudi kwa nguvu: umejuaje?

Hapa jibu linafanana na namna wazee wetu wanavyomtambua mtu asiyejulikana na yeyote pale nyumbani. Hawamtazami sura tu. Wanamuuliza: wewe ni wa nani? Baba yako ni nani, na babu yako? Ukoo ukifika kwa jina linalojulikana, mtu ametambulika. Kiini kizito hufa kwa kutoa chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili, na kwa kufanya hivyo hugeuka elementi iliyo namba mbili chini yake. Huyo mtoto naye hutoa alfa, na mjukuu vivyo hivyo. Kila alfa hutoka na nishati yake, na kila kizazi kina muda wake. Ukoo huo ukishuka hadi kwenye isotopu ambayo dunia tayari inaijua, basi aliyeuanzisha hawezi kujificha.

Mfano bora ni nihoniamu, namba 113, iliyopatikana na Kosuke Morita na wenzake katika taasisi ya RIKEN, mji wa Wako, karibu na Tokyo. Walirusha zinki, namba 30, kwenye bismuthi, namba 83. Bismuthi huyeyuka kwenye nyuzi 271 tu, kwa hiyo bamba lilifungwa kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi ili mnururisho usilitoboe mahali pamoja. Kiini kipya kikizaliwa husukumwa nje upande wa pili wa bamba, kikapita kwenye sumaku zinazokitenga na zinki iliyokosa shabaha, kikajichomeka kwenye kigunduzi cha silikoni. Kigunduzi huandika mahali na saa. Halafu, pale pale kilipojichomeka, alfa inalipuka. Kisha nyingine. Kisha nyingine.

Ukoo wa kwanza waliuona tarehe 23 Julai 2004. Wa pili tarehe 2 Aprili 2005. Kila mmoja ulitoa alfa nne, ukafika dubniamu-262 (namba 105), kisha dubniamu ikapasuka vipande viwili. Kukipasuka namna hiyo nasaba imekatika, maana vipande havisemi vizuri vilitoka kwa nani. Wakaguzi wa kimataifa wakasema ushahidi bado hautoshi. Fikiria hilo, Mwalimu: watu wamefanya kazi miaka, wana atomu mbili mkononi, na wanaambiwa bado. Wakaendelea. Walisubiri miaka saba. Tarehe 12 Agosti 2012 ukaja ukoo wa tatu, na safari hii dubniamu haikupasuka. Ilitoa alfa, ikawa lawrensiamu-258 (namba 103), nayo ikatoa alfa, ikawa mendeleviamu-254 (namba 101). Alfa sita mfululizo, mahali pamoja, hadi kwenye majina yanayojulikana. Kwa jumla mtambo ulikuwa umerusha trilioni za viini vya zinki kila sekunde kwa zaidi ya siku 550, ukapata atomu tatu. Tarehe 30 Desemba 2015 elementi hiyo ilitambuliwa rasmi pamoja na 115, 117 na 118, na mwaka uliofuata majina yakapitishwa.

Na ndiyo, kuna waliowahi "kuandika tu". Mwaka 1999 kundi la Berkeley, California, lilitangaza kwamba limepata namba 118. Maabara nyingine zilirudia jaribio hilo hazikuona kitu. Berkeley wenyewe wakarudia, hawakuona kitu. Wakachimbua data za awali, wakagundua kwamba ukoo ule ulikuwa umebuniwa, na tangazo likafutwa. Msichana wako akisema "si wameandika tu", mweleze kisa hiki bila kukificha. Shaka kama yake ndiyo iliyoukamata uongo huo.

Kuhusu kwa nini wanahangaika, sitakudanganya: hakuna dawa wala betri inayotokana na oganesoni. Idadi yote ya atomu zake zilizowahi kuonekana haifiki kumi. Lakini mtu asikwambie kwamba kilicho na uhai mfupi hakina faida. Hapa hapa Nairobi kuna saiklotroni, katika Hospitali ya Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hutengeneza florini-18, ambayo nusu-uhai wake ni dakika 110 tu. Ndiyo maana mtambo lazima uwe karibu na mgonjwa anayepigwa picha ya saratani. Ikiletwa kutoka ng'ambo itafika imeisha.

Faida ya elementi nzito zaidi ni ya kuelewa. Dhahabu inayochimbwa Migori haikutengenezwa duniani. Mwaka 2017 nyota mbili za nyutroni zilionekana zikigongana mbali sana angani, na nuru iliyofuata ilionyesha kwamba elementi nzito huzaliwa kwenye migongano ya namna hiyo. Katika tanuri hilo viini hujazwa nyutroni hadi vinakuwa vizito mno na kupasuka, na vipande vyake huingia tena kwenye mchanganyiko. Ili kukokotoa kiasi cha dhahabu na uraniamu kinachobaki, lazima ujue viini vizito hupasuka wapi na vipi. Sayari yetu haina mahali pengine pa kupimia hilo isipokuwa maabara hizi.

Halafu kuna kemia, na hii itakugusa wewe. Oganesoni imekaa kwenye safu ya gesi ajizi, chini ya radoni. Lakini kiini chenye protoni 118 huzipa elektroni kasi kubwa kiasi kwamba kanuni za Einstein huingia kazini na kupanga upya nishati zao. Ni athari hiyo hiyo inayoipa dhahabu rangi yake ya njano. Hesabu zinatabiri kwamba oganesoni nyingi zikikusanywa pamoja zingekuwa kitu kigumu kwenye joto la chumba, wala isingekuwa ajizi kama wenzake. Ikithibitika, kanuni ya kwanza tunayowafundisha wanafunzi, kwamba walio safu moja hufanana tabia, itakuwa imefika ukomo wake.

Swali lako la mwisho ni kama jedwali limeishia hapo. Hapana, ila kalsiamu ndiyo iliyoishia hapo. Ili upate 119 kwa kalsiamu unahitaji bamba la ainstainiamu, namba 99, na hakuna anayeweza kuikusanya kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo wanabadilisha kiini cha kurusha. RIKEN wanarusha vanadiamu, namba 23, kwenye kuriamu, namba 96. Mwaka 2024 Berkeley walitangaza kwamba wamerusha titaniamu, namba 22, kwenye plutoniamu, na baada ya siku 22 wakapata atomu mbili za livermoriamu, namba 116. Elementi hiyo ilikuwa inajulikana tayari. Walichotaka ni kuhakikisha kwamba titaniamu inaweza kazi. Lengo lao ni kaliforniamu, na 98 ukijumlisha 22 msichana wako atakwambia mwenyewe inafika ngapi. Dubna nao wamejenga saiklotroni mpya kwa ajili ya kazi hii hii.

Namba 119 ikipatikana haitatosha kwenye chati yenu, maana mstari wa saba umejaa. Itaanza mstari wa nane, kwenye safu ya lithiamu, sodiamu na potasiamu. Kata kipande cha karatasi nyeupe, mpe huyo msichana akibandike ukutani chini ya fransiamu, ya mwisho kwenye safu hiyo.